Mchicha Uliokimbia Kupita Kiasi

Dada Geum-rye akikumwagia maji ya deki miguuni, wewe ndiye uliyesimama vibaya. Akichelewa kufungua ukumbi, basi wateja ndio waliowahi mno. Nimefanya kazi naye tangu enzi za skrini nene zenye kisogo, mimi jikoni na yeye kaunta, na katika muda wote huo sikuwahi kumsikia akisema "nimekosea" kwa mtu yeyote, awe mume, mkwe au mkaguzi wa zimamoto. Nampenda hivyo hivyo. Lakini ipo Jumapili moja ya mwezi wa tatu ambayo lazima niisimulie, maana siku hiyo nilimwona mwanamke mwingine ndani ya sweta lile lile.

Ukumbi wetu wa kompyuta uko ghorofani, juu ya duka la miwani, hapa Gunsan, Korea. Mumewe ndiye aliyeufungua, miaka ile uchumi ulipoanguka na wanaume waliopunguzwa kazini wakachukua kiinua mgongo chao kununua kompyuta, kwa sababu jirani naye kanunua. Hakudumu. Alisema kelele za watoto wanaopigana na mazimwi zinampandisha presha, akarudi kijijini kwao kulima pilipili. Hawakuachana. Kila kiangazi kikiisha huleta magunia ya pilipili za kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha, wanakula pamoja siku mbili tatu, wanagombana, anaondoka zake.

Dada alikuwa ametoka kiwanda cha soksi, hajui hata kompyuta inazimwaje. Mafundi walioitwa walikuwa wakimpita kaunta kama kabati. "Mwenye ukumbi yuko wapi?" wakauliza. "Unamkanyaga mguu," akawajibu. Baada ya mafundi wa namna hiyo kuja mara kadhaa, alinunua bisibisi na kuanza kufungua mashine mwenyewe. Alijifunza kwa kuunguza vitu, na cha kwanza alichofanikiwa kukitibu alikitibu kwa raba ya shule. Unachomoa RAM, kile kijiti cha kumbukumbu, unaisugua ile midomo yake ya dhahabu kwa raba kama unayefuta hesabu mbaya, unapuliza, unachomeka tena mpaka isikike "tak". Nchi hii nzima inaamini raba. Kompyuta ikigoma, kabla hujaita fundi, mama mkwe wako atakuuliza umeshaisugua?

Na kisha kuna mchicha. RAM ya kawaida, yenye kibao cha kijani kisicho na taa wala mapambo, sisi huiita mchicha. Ni ya mtu wa kawaida, lakini ukijua kuibembeleza inakimbia kuliko ilivyoagizwa kiwandani. Unaingia kwenye mipangilio, unapandisha mwendo kidogo, unaongeza umeme kidogo, unawasha upya huku umeshika roho mkononi. Ikikubali, unapandisha tena. Wanaume wazima hapa hushindana kwa hilo na kutangaziana matokeo mtandaoni. Dada aliingia humo, akawapita wengi wao, wakawa wanamwandikia "Kaka, umetisha!" wasijue kaka mwenyewe ana wajukuu. Ukumbi mpya wenye viti vya kukanda mgongo ulipofunguliwa ng'ambo ya barabara, yeye alijibu kwa kutundika bango ngazini: MCHICHA WETU UNAKIMBIA KULIKO WOTE GUNSAN. Kila mashine aliipandisha kwa mkono wake. Lile bango alilipangusa vumbi kuliko alivyopangusa meza zangu.

Sasa nimlete Baba Ye-dam. Ni mwanamume mpole, mpeleka vifurushi, mwenye mabega yaliyoinama upande mmoja. Ni mmoja wa wale tunaowaita mababa bata bukini: mke na mtoto wameruka kwenda ng'ambo mtoto asome, baba amebaki anatuma matumizi na kula peke yake. Mkewe na Ye-dam wako Kanada. Binti ana miaka kumi na minne, na ukimpigia simu anakujibu "ndiyo", "hapana" na "sawa", basi. Lakini ndani ya gemu alikuwa mtu mwingine. Walikuwa na gemu yao ya kujenga kijiji na kuwinda, na kila Jumapili saa nne asubuhi, kule kwao ikiwa bado Jumamosi jioni, baba aliketi kiti cha kona, akavaa hedifoni, na wakaanza kuchimba visima na kupiga soga. Mimi nikipita na trei nilikuwa nikimsikia akicheka. Mtu huyo hakuwa na mahali pengine pa kuchekea.

Shida ilianza mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Gemu inakwenda vizuri, halafu karibu na adhuhuri, kisanduku kinatokea katikati ya skrini na kila kitu kinapotea.

"Bosi! Imeanguka tena!"

"Mbona unapiga kelele kama umeungua?" Dada akaja na kitambaa begani. "Inasemaje?"

"Inasema kumbukumbu haikuweza kusomwa."

"Umemwagia supu."

"Sijamwagia, Bosi."

"Basi ni mvuke. Mvuke wa tambi unapanda, unapenya ndani. Mal-suk! Unampa supu ya moto mno!"

"Nimpe ya barafu?" nikajibu kutoka jikoni. "Nimwekee na mrija?"

Alifungua mashine, akachomoa mchicha, akasugua kwa raba, akapuliza, akachomeka. Iliwaka. Alimpigapiga Baba Ye-dam begani kama daktari aliyemaliza upasuaji. Jumapili iliyofuata ikaanguka tena.

Sisemi kwamba hakujitahidi. Alifuta vumbi, akabadilisha waya, akasugua mpaka raba ikabaki kama punje ya mahindi. Gemu yenyewe hakuweza kuilaumu, maana kompyuta zetu zote hunyonya gemu kutoka seva moja iliyoko chumba cha nyuma, na aliyekaa mlangoni alikuwa akicheza ile ile bila tatizo. Kwa hiyo aliamua kuipima RAM. Upo mtihani wake: unauwasha, unaandika na kusoma kila kona ya kumbukumbu, na panapokosewa panatokea mstari mwekundu. Aliuendesha Jumatatu alfajiri, ukumbi mtupu, madirisha wazi tunapiga deki, upepo wa bandarini unakata masikio. Mtihani ulimalizika bila doa jekundu hata moja.

"Umeona?" akaniambia, mikono kiunoni. "Mzima kama chuma."

Jumapili ya tatu gemu ilianguka huku Baba Ye-dam akiwa katikati ya sentensi. Alivua hedifoni taratibu, akaja kaunta.

"Bosi, nakuomba. Mtoto amesema ikitokea tena Jumapili ijayo, basi tuache. Ana marafiki wanamwita siku za Jumamosi, na yeye anawakatalia kwa ajili yangu. Sina wakati mwingine na yeye zaidi ya huu."

Hapo ndipo Dada alipaswa kusema pole. Badala yake alitazama bango lake, akatazama watoto waliokuwa wanasikiliza, akasema:

"Baba Ye-dam, mashine imefaulu mtihani. Haina neno. Labda mtu akichoka kucheza na mtoto, kidole chenyewe kinateleza kwenye kitufe."

Yule baba hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Ye-dam naye amesema hivyo hivyo," akajibu, akainama kwa adabu kama anavyoinama siku zote, akashuka ngazi.

Mimi nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilimwambia maneno ambayo mfanyakazi hamwambii bosi wake, lakini sisi tumeshazeeka pamoja.

"Dada, umemvunja mtu."

"Nimesema ukweli wa mashine."

"Mashine ina mtoto Kanada?"

"Mtihani umepita, Mal-suk! Unataka niseme umefeli?"

"Nataka ukae pale kwenye kona, wewe mwenyewe, ucheze kama anavyocheza yeye. Nyani haoni kundule."

"Nani nyani?"

"Kaoshe uso, utamwona."

Hakuniongelesha mpaka Jumatano. Jumatano hiyo mchana wanafunzi walikuwa wamejaa, jikoni kwangu masufuria yote yanachemka, na nikamwona anaburuta slipa zake mpaka kiti cha kona. Akavaa hedifoni juu ya nywele zake za mawimbi ya saluni, akafungua ile gemu ya visima. Alicheza vibaya sana. Alianguka kisimani, akaliwa na mbwa mwitu, akatukana, akaanza upya. Alipokuwa ameanza kunogewa, kisanduku kikatokea katikati ya skrini na kijiji chote kikapotea.

Alifungua ubavu wa mashine na kuingiza mkono. Akautoa haraka. Akaugusa ukuta. Akanitazama kupitia dirisha la jikoni, na mimi nikatazama jiko langu, maana upande wa pili wa ukuta ule ndipo lilipo, na kuanzia saa nne asubuhi halizimwi.

"Umepika humu ndani ya kompyuta yangu," akasema.

"Jiko liko hapa tangu mumeo alipolijenga."

Aliendesha ule mtihani palepale, mashine ikiwa na joto. Mistari myekundu ilishuka kama mvua ya dirishani. Akauchukua ule mchicha, akaupeleka kwenye mashine ya katikati ya ukumbi, mbali na jiko langu, akaufunga, akasubiri watoto wacheze wajaze joto. Huko ulichelewa zaidi, lakini mwekundu ukatokea. Akapima mchicha wa mashine nyingine, ambao haujawahi kukaa kona. Mwekundu. Sasa akakumbuka watoto waliokuwa wakilalamika majuma yote yale na yeye akiwaambia wapunguze matusi mtandaoni, ndiyo yanayoangusha gemu.

Niliona jambo linavyomwingia. Jiko halikuwa kosa, wala supu, wala raba. Mchicha ulikuwa umepandishwa mwendo mpaka ukingoni kabisa. Wakati wa baridi alipoupandisha ulishikilia. Asubuhi na madirisha wazi ulishikilia pia, na hapo ndipo alipoupima. Ukipata joto kidogo tu, unaanza kusahau ulichopewa ukishike, na gemu inaanguka. Hakuna aliyeuharibu. Aliusukuma yeye.

"Si ushushe ile ya kona tu," nikamwambia. Nilikuwa nimeanza kumwonea huruma. "Nyingine ziache. Nani atajua?"

Alifikiri, nusu akubali. Kisha akatikisa kichwa na kuanza na mashine ya mlangoni. Alizishusha zote hadi mwendo wa kiwandani, moja baada ya nyingine, akimwinua kila mtoto kitini na kumwomba aende akanywe soda. Alipomaliza alipanda kwenye stuli, akang'oa bango ngazini. Mwenye ukumbi wa ng'ambo alikuwa nje anavuta sigara, akaangua kicheko. "Mama, mchicha umenyauka?" Dada hakumjibu, ingawa jamaa huyo siku zote humjibu hata kabla hajauliza.

Jumamosi alivaa koti lake la harusi za watu, akaenda mpaka kwenye chumba cha Baba Ye-dam, juu ya duka la fundi funguo. Mimi nilimsindikiza, kwa sababu nilitaka kusikia. Yule baba alifungua mlango, nyuma yake nikaona godoro limekunjwa na sufuria moja.

"Njoo kesho," Dada akamwambia.

"Mashine?"

"Imepona."

"Ilikuwa na nini, Bosi?"

Nikangoja. Dada alikohoa. "Mambo ya ufundi," akasema, akageuka.

Njiani nilimwambia ana shingo ngumu kuliko ng'ombe wa kulimia. Akaniambia nitembee, kuna baridi.

Jumapili Baba Ye-dam alikuja kabla ya saa nne, amenyoa ndevu. Akaketi kona, akafungua gemu, akamsimamisha mtu wake karibu na kisima, shoka begani. Watoto wakajaa. Jiko langu likawaka. Adhuhuri ilifika ikapita, na kisanduku hakikutokea. Mashine ilikwenda taratibu kidogo, lakini ilikwenda. Dada alikuwa amesimama nyuma yake anapangusa kibodi ambayo haikuwa na uchafu.

Ye-dam hakuingia.

Baba alikuwa akisogeza mtu wake huku na huku, anachimba, anafukia. Mwishowe akachukua simu na kupiga, akaiweka mezani kwenye spika ili mikono ibaki kwenye gemu.

"Ye-dam?"

"Baba. Niko njiani, naenda kwa rafiki yangu." Magari yalisikika yakipita.

"Leo haianguki, mwanangu. Nimekaa tangu asubuhi."

"Sawa, Baba. Siku nyingine."

"Subiri kidogo tu, nime..."

"Sawa, Baba."

Ilikuwa ile "sawa" ya kufunga mlango. Na kabla haujafungwa, Dada aliinama juu ya meza mpaka mdomo ukakaribia simu.

"Samahani," akasema. "Mimi ndiye mwenye ukumbi huu anaochezea baba yako."

Na akamsemesha yule mtoto kwa maneno ya heshima tunayowawekea wateja wazee na wakwe, yeye mwenye mvi, akimwambia binti wa miaka kumi na minne. Watoto wa viti vya karibu waliacha kucheza.

"Kompyuta ya baba yako ilikuwa inaanguka kwa sababu yangu. Niliiendesha kupita uwezo wake ili nijisifu. Baba yako aliponiambia, nikamlaumu yeye. Nilikosea. Naomba unisamehe."

Magari yalipita.

"Zile mara zote alizopotea?" binti akauliza. "Zote zilikuwa mashine?"

"Zote. Baba yako hajawahi kugusa kitufe."

"Hata siku ile nilipomuuliza atakuja lini?"

Baba Ye-dam aliinua uso. "Uliniuliza?"

"Nilikuuliza, Baba. Nilisema utakuja lini, na ukapotea pale pale. Nikajua umezima ili usinijibu." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtoto. "Ndiyo maana sikukuuliza tena."

Dada aliunyoosha mgongo wake. "Sikulijua hilo," akaniambia mimi, kama vile mimi ndiye niliyestahili kuambiwa. Kisha akamwambia yule baba, kwa sauti ya chini: "Mtoto ameuliza. Mjibu."

Baba Ye-dam alitazama skrini. Gemu ilikuwa inakwenda bila wasiwasi wowote, mtu wake amesimama kando ya kisima, nyasi zinapepea. Juma zima nilikuwa nimeiombea isianguke. Wakati ule, Mungu anisamehe, niliomba ianguke, apate hata dakika mbili za kujificha. Haikuanguka.

"Mwaka huu siwezi, mwanangu," akasema. "Kiwanda kilifungwa. Sifanyi kazi kule tena, napeleka vifurushi nyumba kwa nyumba. Mama yako anajua, mimi ndiye niliyemwomba asikwambie. Na mwakani pia sijui. Nilitakiwa nikwambie zamani."

Binti alianza kulia. Sote tuliosimama pale tulisubiri akate simu, na nadhani baba yake alisubiri zaidi yetu, kwa jinsi alivyokuwa ameshika ukingo wa meza. Hakukata. Alilia kando ya barabara ya watu mpaka pua ikamziba, na baba yake akakaa akimsikiliza bila kumwambia nyamaza.

"Baba," akasema hatimaye, "hivyo vifurushi ni vizito?"

"Vingine," akajibu.